Macho Mangapi

Karani hakuinua uso. Aliuliza umri.
Hamsini na mbili, nikasema,
na nyuma yangu mtu akacheka kwa pua:
mtu mzima na meno yake
anadai urithi kama anayedai kunyonya.

Nilishika cheti cha kifo, cheti cha ndoa ya mama,
muhtasari wa kikao cha ukoo wenye doa la chai,
saini kumi na moja, alama tatu za dole gumba.
Karatasi zote zilikubaliana kwamba baba amekufa.
Baada ya hapo hazikuelewana.

Maana mezani kulikuwa na orodha nyingine,
mwandiko umenyooka kama safu za zabibu:
*Warithi. Moja. Sekunda Chidawali, mjane.*
Chini yake mistari sita mitupu.
Nimeuona mwaka ambao uwele uliungua shambani
tukala mbegu.
Haukunitisha kama ile mistari.

Sina jina la kumwita. "Mama" lilikwisha kutumika.
Kaka yangu Yeremia amemzidi miaka miwili.
Alipoolewa Hombolo tulimwita Shemeji kwa utani,
kisha Mama Mdogo kwa amri ya baba,
kisha hatukumwita tena, tukaanza kila sentensi na "samahani".

Lakini wakili sina, acha nijishtaki mwenyewe:
baba alipopooza upande, mimi nilikuwa Singida
nashona sare za shule.
Nilituma pesa ya nepi. Yeye ndiye aliyezibadilisha.
Miaka minne, mlenda kwa kijiko cha plastiki,
kidevu kikifutwa kwa pindo la kanga.
Hilo ni ekari ngapi?

Na mama yangu, aliyetwika maji ya bwawani
mche kwa mche, kabla bomba halijafika,
mpaka utosini pakaota upara
wa mviringo, saizi ya sarafu,
yeye naye ni ekari ngapi?
Shamba lenyewe ni moja na nusu.

Hakimu alikuwa kijana, ana mafua.
Akasema kuwa mtoto wa mtu hakuna tarehe ya kuisha.
Akapenga kamasi.
Akasema ndoa nayo si kibarua.
Nendeni, mrudi tarehe kumi na nne;
shamba lisiuzwe, lisigawanywe.

Hakusema lisipogolewe.
Mzabibu haujui kuahirisha.

Jumamosi nikashuka Hombolo na mkasi wa mama,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikamkuta ameshaanza upande wa magharibi.
Nikaanza mashariki.
Hatukusalimiana. Mikasi ilisalimiana,
kwek huku, kwek kule,
na vumbi jekundu likatupaka wote rangi moja
bila kuuliza nani ni wa tumbo gani.

Saa saba tukakutana safu ya kati,
kwenye shina nene kama kifundo cha mguu,
la kwanza kupandwa. La mama.
Alikuwa amesimama, mkasi ameufunga.

"Huu sijawahi kuugusa," akasema.
"Alikuwa anaukata mwenyewe.
Hata alipopooza, nilimsukuma na kiti mpaka hapa.
Alikata kwa mkono wa kushoto, vibaya,
akanifukuza nisitazame."

Nikapiga magoti. Gome lilikuwa linabanduka
kama karatasi iliyolowa ikakauka.
Kila tawi lina macho yake:
ukiacha mengi unavuna majani,
ukiacha machache unavuna aibu.

"Aliacha macho mangapi?" nikauliza.
Lilikuwa swali langu la kwanza kwake
lisiloanza na samahani.

Akafuta paji la uso kwa kiwiko.
"Mimi nilidhani," akasema,
"wewe ndiye ungejua."